Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Matamasha Matatu ya Afrika na Funguo za Mlango

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hupendwa sana na waandaaji wa matamasha, nao huifasiri kwa njia nyepesi: wageni wakija, fedha zitaingia, na wenyeji watapata nafuu. Katika hotuba nyingi za ufunguzi, tamasha hupimwa kwa idadi ya wageni walioshuka uwanja wa ndege, vitanda vya hoteli vilivyojaa na fedha za kigeni zilizoachwa nchini. Si kipimo cha kubezwa. Muuza mishikaki wa Forodhani anaijua thamani yake kuliko mhadhiri yeyote. Lakini methali haisemi kwamba mwenyeji atapona kwa kila mgeni na kwa kila namna ya kumpokea. Inamtaka mgeni aje, na inamtaka mwenyeji awepo nyumbani. Mgeni akizuiwa njiani, au mwenyeji akifungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, hakuna anayepona hata kama uwanja umefurika.

Makala haya yanayatazama matamasha matatu yaliyofanyika barani Afrika kati ya mwaka 1966 na 1977: la Dakar, la Algiers na la Lagos. Nimeyachagua kwa sababu hapo Waafrika na ndugu zao wa ng'ambo walisafiri kwa maelfu ili waonane wao kwa wao, katika ardhi ya Afrika, kwa mwaliko wa dola za Kiafrika. Hoja yangu ni kwamba tunayapima vibaya matamasha haya tunapohesabu majengo na fahari yake. Swali linalofaa kuulizwa ni la mlango: nani alishika funguo, nani aliingia, na nani aliachwa nje.

Safari mbili za mwaka 1897

Ili kuielewa hamu ya Waafrika wa miaka ya 1960 ya kusafiri kwenda kwenye tamasha, hatuna budi kukumbuka jinsi walivyosafirishwa hapo awali. Mwaka 1897 mji wa Brussels uliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa. Mfalme Leopold wa Pili, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, aliweka sehemu ya maonyesho ya koloni lake huko Tervuren, nje kidogo ya mji. Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walivushwa bahari wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani, ili watazamaji wa Ulaya wapite wakiwatazama kama wanavyotazamwa wanyama. Saba kati yao walikufa kwa maradhi hukohuko, wakazikwa Tervuren.

Mwezi Februari wa mwaka huohuo, jeshi la Uingereza liliuvamia mji wa Benin, kitovu cha ufalme uliomo ndani ya Nigeria ya leo. Mji uliteketea kwa moto, mfalme wake, Oba Ovonramwen, akapelekwa uhamishoni Calabar, na maelfu ya kazi za sanaa za shaba na za pembe za ndovu yakachukuliwa kama nyara. Miongoni mwa nyara hizo kilikuwamo kinyago kidogo cha pembe chenye sura ya Malkia Idia, kilichochongwa katika karne ya 16. Kinyago hicho kikaishia katika jumba la British Museum, London.

Basi katika mwaka mmoja tunaziona safari mbili: ya watu waliopelekwa kutazamwa, na ya vitu vilivyopelekwa kumilikiwa. Katika zote mbili Afrika ilisafiri, lakini hakuna aliyeiuliza kama inataka kwenda. Waliokuja baadaye kuandaa tamasha la Waafrika kwa Waafrika walikuwa wanaijibu historia hiyo, wengine kwa kujua na wengine pasipo kujua.

Dakar, 1966

Wazo lenyewe lilikomaa ugenini. Mwaka 1956 Alioune Diop, Msenegali aliyeanzisha jarida la Présence Africaine, aliitisha kongamano la waandishi na wasanii Weusi katika Sorbonne, Paris. Mwanazuoni mkongwe wa Kimarekani, W.E.B. Du Bois, hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa serikali yake ilikuwa imemnyima pasipoti; salamu zake zilisomwa ukumbini badala yake. Kongamano la pili likafanyika Rome mwaka 1959, na hapo likapata nguvu wazo la kuwakutanisha Weusi wa dunia katika bara lao wenyewe, si kwa maneno ya kongamano tu bali kwa ngoma, michezo ya kuigiza, picha na vinyago.

Senegal ilipopata uhuru, rais wake, mshairi Léopold Sédar Senghor, alilibeba wazo hilo. Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Weusi lilifunguliwa Dakar tarehe 1 Aprili 1966 na kuendelea hadi tarehe 24. Walifika Duke Ellington na bendi yake, Josephine Baker, kundi la dansi la Alvin Ailey, na washairi Langston Hughes na Aimé Césaire. Katika kisiwa cha Gorée, ambako watumwa walikuwa wakipakiwa merikebuni, paliandaliwa onyesho la usiku la historia ya kisiwa hicho. Katika jumba jipya la Musée Dynamique ziliwekwa kazi za sanaa za Kiafrika ambazo nyingi ziliazimwa kutoka makumbusho na mikusanyo ya Ulaya. Kwa majuma machache, vitu vilivyoondoka na wakoloni vilirudi kutazamwa na wana wa waliovichonga. Baada ya hapo vilifungashwa tena, vikapelekwa kuonyeshwa Paris.

Funguo za mlango wa Dakar zilikuwa katika mikono mingi. Hoteli hazikutosha, na Umoja wa Kisovieti ukaleta meli yake, Rossiya, ikatia nanga bandarini na kuwa malazi ya wageni. Ushiriki wa Wamarekani ulisimamiwa na jumuiya iliyoitwa American Society of African Culture; mwaka uliofuata ikafichuka kwamba jumuiya hiyo ilikuwa ikipokea fedha za siri kutoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mataifa makubwa yalijua kwamba ngoma ina siasa, hata pale wapigaji wake walipodhani wanapiga ngoma tu.

Hata hivyo, jambo linaloipa Dakar heshima yake ni ugomvi ulioruhusiwa kuingia ukumbini. Tamasha zima lilisimama juu ya nadharia ya Senghor, Negritude, iliyofundisha kwamba Weusi wana roho na hisia ya pamoja inayowatofautisha na wengine. Mshairi wa Kinigeria, Christopher Okigbo, alipopewa tuzo ya ushairi aliikataa, kwa hoja kwamba ushairi haugawanywi kwa rangi ya mtunzi. Mwenzake, Wole Soyinka, alileta mchezo wa kuigiza wa Kongi's Harvest. Mchezo huo unamhusu mtawala wa kiimla anayetaka kuiteka sikukuu ya mavuno: akabidhiwe yeye kiazi kikuu kipya, heshima ambayo kwa mila ni ya mfalme wa jadi. Yaani ndani ya tamasha lililoandaliwa na dola, palichezwa mchezo unaowaonya watu juu ya dola inayojitwalia matamasha. Serikali iliyowaalika haikuwafukuza watunzi hao. Mwenyeji aliyekubali kusutwa mbele ya wageni wake alikuwa ameanza kupona.

Lile jumba la Musée Dynamique halikudumu katika kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 liligeuzwa kuwa mahakama. Kuta zilibaki, ila vinyago havikuwamo tena.

Algiers, 1969

Miaka mitatu baadaye, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliandaa tamasha lake katika nchi iliyopata uhuru kwa vita vya miaka karibu minane. Tamasha la Kwanza la Utamaduni la Afrika Nzima lilifanyika Algiers kuanzia tarehe 21 Julai hadi 1 Agosti 1969. Halikuitwa la Weusi, na jina hilo lenyewe lilikuwa hoja. Algeria ilitaka kusema kwamba mpaka wa Afrika haupiti jangwani, na kwamba kinachowaunganisha Waafrika ni historia ya kutawaliwa na mapambano ya kujikomboa, si rangi ya ngozi. Katika kongamano la tamasha, Stanislas Adotevi wa Dahomey, nchi ambayo leo inaitwa Benin, aliishambulia Negritude waziwazi, akiiona kuwa nadharia inayomtuliza Mwafrika badala ya kumwamsha.

Tofauti nyingine ilikuwa mahali pa tamasha. Dakar ilitegemea zaidi kumbi na mialiko. Algiers ilizitoa ngoma barabarani. Vikundi viliandamana mjini, majukwaa yakawekwa katika viwanja vya wazi, na wakazi wakatazama bila kuulizwa kadi. Mpiga saksofoni wa Kimarekani, Archie Shepp, alipiga pamoja na wanamuziki wa Kituaregi waliotoka jangwani, bila ya kuwa na lugha moja wala mapokeo mamoja.

Zaidi ya yote, Algiers iliwapokea watu wasiokuwa na dola. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika na vya makoloni ya Wareno vilikuja na wajumbe na wasanii wao. Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, maana Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na FRELIMO, ambao wapiganaji wake wa mwanzo walipata mafunzo Algeria, walikuwa na ofisi katika mji huohuo. Ni miezi michache tu ilikuwa imepita tangu kiongozi wao, Eduardo Mondlane, auawe Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, mwezi Februari 1969. Kwa watu wa namna hiyo, kusafiri kwenda kwenye tamasha hakukuwa matembezi. Kulikuwa ni kuthibitisha mbele ya dunia kwamba taifa lao lipo, ingawa ramani za wakati huo zilisema ni mkoa wa Ureno.

Alikuwapo pia Miriam Makeba, aliyeufanya wimbo wa Kiswahili wa "Malaika" ujulikane duniani. Serikali ya makaburu ilikuwa imeifuta pasipoti yake mwaka 1960, asiweze hata kwenda kumzika mama yake. Baadaye Algeria ilikuwa mojawapo ya nchi zilizompa pasipoti. Walikuwapo Black Panther wa Marekani, wakiongozwa na Eldridge Cleaver aliyekuwa akitafutwa na polisi wa nchi yake. Algiers ikawa kituo chao kwa miaka iliyofuata, na mmoja wa waliopitia huko, Pete O'Neal, hatimaye aliweka makazi Imbaseni, karibu na Arusha. Njia iliyofunguliwa na ukarimu wa Algiers ilifika mpaka chini ya Mlima Meru.

Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kusimulia upande mmoja. Serikali iliyowafungulia mlango wageni wasio na pasipoti ilikuwa ya Kanali Houari Boumédiène, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1965. Rais aliyempindua, Ahmed Ben Bella, alikuwa kizuizini siku zote za tamasha. Na Taos Amrouche, mwimbaji wa nyimbo za kale za Wakabyle, aliyeimba Dakar mwaka 1966, hakupewa nafasi katika jukwaa rasmi la nchi ya asili yake. Sera ya taifa ilitambua Kiarabu, na nyimbo zake zilikuwa za Kiberber. Aliimba kando, mbele ya wanafunzi wa Algiers. Binti wa nyumba aliimbia uani wakati sebule imejaa wageni.

Lagos, 1977

Tamasha la tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Nigeria iliteuliwa kuwa mwenyeji wa tamasha litakalofuata lile la Dakar, lakini vita vya Biafra na mabadiliko ya serikali viliahirisha tarehe mara kadhaa. Jenerali Yakubu Gowon alipinduliwa mwaka 1975, na mrithi wake, Murtala Mohammed, akauawa mwaka 1976. Alipokuja kufungua tamasha Jenerali Olusegun Obasanjo, tarehe 15 Januari 1977, bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara nyingi tangu mwaka 1973, na serikali ya kijeshi ilikuwa na fedha za kutimiza karibu kila ndoto.

FESTAC, kama lilivyoitwa kwa kifupi, liliwaleta washiriki zaidi ya 15,000 kutoka nchi zaidi ya 50. Kwa ajili yao ulijengwa mtaa mzima wa nyumba, Festac Town, ambao baadaye raia waligawiwa kukaa. Likajengwa jumba la taifa la michezo ya kuigiza huko Iganmu, lenye umbo linalofanana na kofia ya afisa wa jeshi. Kazi hiyo walipewa wakandarasi wa Bulgaria. Palikuwa na mashindano ya mitumbwi Lagos na maonyesho ya wapanda farasi Kaduna. Maonyesho hayo ya Kaduna yaliitwa durbar, na jina hilo pamoja na utaratibu wake wa kumpigia saluti mtawala Waingereza walikuwa wameuleta kutoka India, ingawa maandamano ya farasi siku za Idi ni mila ya kale ya kaskazini mwa Nigeria. Katika kutafuta utamaduni wa asili, dola ilikuwa imeokota pia vazi la mkoloni.

Nembo ya FESTAC ilikuwa kile kinyago cha Malkia Idia kilichochukuliwa Benin mwaka 1897. Nigeria iliiomba Uingereza ikitoe, walau kwa kuazimwa kwa muda wa tamasha. British Museum ilikataa, na hoja iliyotolewa ni kwamba pembe hiyo ni dhaifu mno kusafirishwa. Wachongaji wa Benin wakachonga mfano wake, na picha yake ikatapakaa katika mabango na nguo. Wageni walisafiri kutoka Brazil, Australia na Marekani. Aliyealikwa kwa heshima kuliko wote hakupewa ruhusa ya safari. Tukumbuke kwamba mwaka 1897 udhaifu huo haukumzuia mtu kukipakia melini. Dakar iliweza kuazima kutoka Ulaya kwa sababu haikudai kumiliki. Lagos ilipouliza swali la umiliki, mlango ulifungwa.

Ndani ya nyumba napo palikuwa na mlango uliofungwa. Fela Kuti, mwanamuziki aliyesikilizwa na umma wa Lagos kuliko mwingine yeyote, aliitwa katika maandalizi akajitoa, akiishutumu serikali kwa ufujaji na kwa kulifanya tamasha kuwa pambo la wanajeshi. Wakati tamasha rasmi likiendelea Iganmu, yeye alipiga kila usiku katika klabu yake, na wasanii wengi wa kigeni walimfuata huko ili wamsikie. FESTAC lilifungwa tarehe 12 Februari. Tarehe 18 Februari, siku sita baadaye, wanajeshi walivamia makazi ya Fela yaliyoitwa Kalakuta, wakapiga watu na kuyateketeza. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mwanaharakati mkubwa wa haki za wanawake na mpigania uhuru, alirushwa kutoka dirishani. Alifariki mwaka uliofuata. Mwenyeji alisubiri wageni waondoke, ndipo akamgeukia mwanawe.

Hiyo haimaanishi kwamba FESTAC lilikuwa bure. Maelfu ya watu waliokutana Lagos waliendelea kuandikiana, kufundishana na kuchapishiana kazi kwa miaka mingi. Mjadala wa lugha moja ya bara zima, ambao Soyinka aliupigania katika miaka ya 1970 akikitetea Kiswahili ingawa si lugha yake, ulikuwa sehemu ya hewa ya zama hizo. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Mwaka huohuo Ujerumani ilianza kurejesha Nigeria kazi za shaba za Benin zilizokuwa katika makumbusho yake. Kinyago cha Idia bado kipo London.

Makunduchi, kila mwaka

Tukirudi nyumbani, tuna matamasha yetu. Bagamoyo ina tamasha la sanaa linalotokana na chuo chake. Zanzibar ina tamasha la filamu la nchi za jahazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Sauti za Busara limewaleta Ngome Kongwe wanamuziki wa pande zote za bara, nalo huwatoza wenyeji kiingilio cha chini kuliko wageni, jambo ambalo ni la busara kweli. Lakini mwaka 2016 halikufanyika, kwa kuwa wafadhili walipungua na fedha hazikutosha. Hapo ndipo tunapoiona tena habari ya funguo. Tamasha ambalo linaweza kufungwa na uamuzi wa ofisi iliyo Ulaya, hata kama ofisi hiyo ina nia njema, ni nyumba iliyopangishwa.

Sharti tutazame pia njia ya kufikia tamasha. Mwezi Januari 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya kuwawezesha raia wa nchi wanachama kusafiri, kukaa na kuanzisha makazi popote barani. Inahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili ianze kutumika, na miaka kadhaa baadaye zilizoridhia zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Rwanda, Shelisheli, Gambia na Benin zimewaondolea Waafrika wote viza kwa uamuzi wao wenyewe, na mbingu hazikuanguka. Ni vigumu kueleza kwa nini kijana wa Ulaya aamke asubuhi akate tiketi ya kwenda kusikiliza ngoma karibu popote Afrika, ilhali mpiga ngoma wa Mali akae majuma akisubiri muhuri ili aje kuipiga Unguja. Katika zama za Makeba, utawala wa kibaguzi ndio uliowanyima wasanii pasipoti. Leo vizuizi vingi ni vya kwetu wenyewe.

Lipo tamasha moja ambalo naliona linafundisha zaidi ya yote, nalo halikuanzishwa na wizara. Kila mwezi wa Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa, siku ya mwaka wa jua wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa magome na makuti ya migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka unaokwisha. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake huimba, wakiwa katika mavazi yao mazuri, na nyimbo zao huwa na maneno makali ya kusuta. Kisha watu hula pamoja. Na wenyeji huamini kwamba siku hiyo haifai mtu akae bila mgeni. Asiye na mgeni hutafuta mmoja.

Tazama mpangilio huo. Ugomvi wa wenyeji haufichwi wala hausubiri wageni waondoke. Unatolewa uwanjani, unapigwa kwa kitu kisichoua, unaisha. Mgeni anashuhudia, na kushuhudia kwake ni sehemu ya mapatano, kwa maana waliopatana mbele ya mgeni huona haya kugombana kesho. Hivyo ndivyo mwenyeji anavyopona. Dakar ilikaribia jambo hilo ilipowaacha Okigbo na Soyinka wasute. Algiers ililikaribia ilipowafungulia wasio na dola, ikaliharibu ilipomwacha Taos Amrouche nje. Lagos ilikuwa na fedha kuliko wote, ikaufungia ugomvi nje ya uzio, na ugomvi ukarudi ukiwa umevaa magwanda.

Leo watalii wamekuwa wengi Makunduchi, na wanasiasa hufika kutoa hotuba. Si vibaya, siku ya mwaka ina nafasi ya wote. Ila iko siku mtu atapendekeza uzio, viti vya wageni maalumu, na mapigano yafupishwe yalingane na ratiba ya mabasi ya watalii. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ambao mezani pao hupita bajeti za utamaduni na maombi ya vibali, ninaomba maswali matatu yaulizwe kabla ya sahihi. Je, mkazi wa kawaida wa mahali hapo ataweza kuingia? Je, msanii wa nchi jirani ataweza kufika bila kudhalilishwa mpakani? Na je, yule anayetugombeza amepewa jukwaa, au tumemwacha nje tukingoja wageni waondoke?